Kupandikizwa Uloto: Vipi Seli za Damu Husafiri na Kuongezeka Mwilini, na Hukumu Zake Kisheria

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Maswali kuhusu kupandikizwa uloto yamekuwa mengi kutoka kwa familia zetu za Unguja na Pemba, hasa zile zenye watoto wanaoumwa seli mundu. Wako wanaouliza kama inajuzu kuutoa uloto wa mtoto mdogo kumtibu ndugu yake. Wako wanaouliza kama anayepokea uloto wa mtu baki huwa maharimu wake. Na wako walioshtuka baada ya kuambiwa kwamba damu ya mgonjwa wao imebadilika kundi, wakaingia shaka juu ya nasaba.

Wanavyuoni wetu wamekubaliana kwamba huwezi kukitolea hukumu kitu usichokifahamu. Kwa hivyo tutaanza kueleza jambo lenyewe lilivyo, kisha tutakuja kwenye hukumu zake.

Uloto na seli shina

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima, uloto unaotengeneza damu umo zaidi katika mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo za kugandisha damu.

Chembe hizi haziishi muda mrefu. Chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120. Chembe za kugandisha damu huishi siku 7 mpaka 10. Chembe nyeupe za aina ya nyutrofili, ambazo ndizo askari wa mwanzo dhidi ya bakteria, huishi muda mfupi zaidi ya hapo. Ndiyo maana uloto wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu mpya zipatazo bilioni 200 kila siku inayopita.

Asili ya zote hizo ni seli chache zinazoitwa seli shina za damu. Ni chache sana: katika seli 10,000 za uloto, ni kwa makadirio moja tu au pungufu ya hapo. Sifa yake ni mbili. Ya kwanza, seli moja inaweza kuzaa aina zote za chembe za damu. Ya pili, inaweza kuzaa nyingine iliyo shina kama yenyewe, ili asili isikatike. Mfano wake ni mgomba: unatoa mkungu, lakini pia unaacha chipukizi pembeni, na shamba halimaliziki.

Kwa mgonjwa wa seli mundu, seli shina zake zina maelekezo ya kutengeneza chembe nyekundu zinazopinda mfano wa mundu. Kila chembe mpya itokayo huwa na kasoro ile ile. Kumwongezea damu kunampa nafuu ya muda. Kupandikiza uloto ni kubadilisha asili yenyewe.

Jambo hili lilivyojulikana

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, watafiti waliona kwamba panya waliopigwa mionzi mikali hufa kwa kuharibika uloto, na kwamba wakitiliwa uloto wa panya wengine kwenye mshipa huweza kupona. Mwaka 1961, huko Toronto nchini Kanada, James Till na Ernest McCulloch waliona vinundu kwenye bandama za panya waliotiliwa uloto. Idadi ya vinundu ilikwenda sambamba na idadi ya seli zilizotiwa, na baadae ilithibitika kwamba kinundu kizima kilitokana na seli moja tu. Hapo ndipo seli shina ya damu ilipojulikana kwa ushahidi.

Upande wa binadamu, daktari wa Kimarekani E. Donnall Thomas alieleza majaribio yake ya mwanzo mwaka 1957. Wagonjwa wa mwanzo walifariki, kwani elimu ya kulinganisha mtoaji na mpokeaji ilikuwa bado. Kazi iliendelea, na mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Joseph Murray aliyepandikiza figo. Mwaka 1984 ilichapishwa habari ya msichana aliyepandikizwa uloto huko Memphis kwa ajili ya saratani ya damu, naye alikuwa na seli mundu pia, ikaonekana seli mundu nayo imeondoka. Mwaka 1988, mjini Paris, mtoto alipandikizwa kwa mara ya kwanza damu ya kitovu iliyotoka kwa dada yake mchanga.

Kwetu Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma ya kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye seli mundu mwaka 2023. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walilazimika kupelekwa nje, wengi wao India.

Safari ya seli kutoka mshipani hadi mfupani

Wengi hudhani kwamba mgonjwa hupasuliwa na kujazwa uloto ndani ya mfupa. Sivyo. Mtoaji ndiye anayetolewa uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Au huchomwa sindano za dawa kwa siku 4 au 5 zinazozifanya seli shina zitoke mfupani na kuingia kwenye damu, kisha huchujwa kwa mashine. Mgonjwa yeye hutiliwa mfuko ule kwenye mshipa, mfano wa anayeongezewa damu. Madaktari huiita siku hiyo "siku sifuri", na kuanzia hapo hesabu huanza.

Kabla ya siku hiyo mgonjwa hupewa dawa kali, na mara nyingine mionzi. Makusudio ni mawili: kuuondoa uloto wa zamani ili nafasi ipatikane, na kuituliza kinga yake ili isizishambulie seli za mgeni.

Seli zikishaingia mshipani, hupita upande wa kulia wa moyo, zikaenda mapafuni, zikarudi upande wa kushoto wa moyo, kisha zikasambazwa mwili mzima. Baadhi hunaswa njiani kwenye mapafu, ini na bandama. Zilizobaki huanza kufika kwenye uloto ndani ya saa chache tu, na baada ya siku moja au mbili nyingi zinakuwa zimeshatoka kwenye mzunguko wa damu.

Vipi zinajua pa kwenda? Mishipa midogo iliyomo ndani ya uloto ina kuta nyembamba, na juu ya kuta hizo zimo protini zinazoishika seli shina kidogo kidogo, ikawa inabingirika taratibu badala ya kupita mbio na damu. Wakati huo huo, seli zinazoishi ndani ya uloto hutoa protini iitwayo kwa kifupi CXCL12. Seli shina ina kipokezi chake, CXCR4, kinachoihisi protini hiyo. Ikiihisi, hujishika imara kwenye ukuta wa mshipa, ikajipenyeza baina ya seli za ukuta, na kuingia ndani. Huko hukaa karibu na mishipa na karibu na seli zinazoilea. Mahali hapo ndipo penye masharti ya kuishi kwake. Seli shina isiyofika mahali pake haidumu.

Njia hii haikuanza na matibabu. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, damu yake kwa muda hutengenezwa kwenye ini, kisha kabla ya kuzaliwa seli shina huhama kwenda mifupani. Panya waliozaliwa bila ya protini ile au kipokezi chake, uloto wao haukupata seli za damu kama inavyotakiwa. Daktari anapoitilia seli mshipani anatumia njia iliyokwishawekwa na Muumba kabla ya hapo. Subhanallah! Na zile sindano anazopewa mtoaji hufanya kinyume chake: hulegeza mshiko wa seli kwenye uloto ili zitoke.

Vipi zinaongezeka

Kufika siyo kupona. Katika siku za mwanzo chembe nyeupe za mgonjwa hushuka mpaka karibu ya sifuri, kwani uloto wa zamani umeondoka na mpya haujaanza kutoa. Seli zilizofika hugawika: moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, na kuendelea. Wimbi la mwanzo la chembe za damu hutoka kwenye seli ambazo zimeshaelekea kuwa aina fulani ya chembe. Hizo hufanya kazi ya haraka, kisha humalizika. Seli shina za asili hugawika kwa utulivu zaidi, na hizo ndizo zitakazobeba damu ya mgonjwa kwa miaka yote inayokuja.

Alama ya kwamba uloto mpya umeshika ni nyutrofili kufikia 500 katika maikrolita moja ya damu kwa siku tatu mfululizo. Kwa kawaida hutokea baina ya wiki ya 2 na ya 4. Seli zilizochujwa kwenye damu huwahi zaidi, za uloto hufuatia, na za kitovu huchelewa kwa sababu ni chache. Chembe za kugandisha damu hufuata baadae. Kinga kamili ya mwili huchukua miezi mingi, na mara nyingine mwaka au zaidi, na mgonjwa huhitaji kuchanjwa upya mfano wa mtoto mchanga.

Si lazima seli zote ziwe za mtoaji. Kwa seli mundu, imeonekana kwamba hata kiasi cha moja ya tano ya seli zikiwa za mtoaji, maradhi huweza kuondoka, kwani chembe nyekundu nzima huishi muda mrefu kuliko zilizopinda.

Hatari zipo, na familia ina haki ya kuambiwa. Uloto unaweza kukataliwa. Seli za kinga za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji, kwenye ngozi, ini na matumbo. Maambukizi yanaweza kuingia wakati kinga iko chini. Dawa kali zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana hutafutwa mtoaji anayelingana na mgonjwa. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu. Ndugu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha seli mundu, naye haumwi, anaweza pia kuwa mtoaji.

Hukumu ya matibabu haya

Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alitufundisha kujitibu, na kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Katika Suratul Maida, aya ya 32, kumhuisha mtu mmoja kumefanywa kuwa sawa na kuwahuisha watu wote.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1408H (1988), lilijuzisha kuhamisha kutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine kitu ambacho mwili hukirejesha wenyewe, mfano wa damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na akili timamu na uwezo kamili wa kisheria. Uloto unaingia hapa, kwani wa mtoaji hurejea wenyewe ndani ya wiki chache. Nalo Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 1424H (2003), lilijuzisha kutumia seli shina kwa matibabu zikiwa zimetoka njia ya halali: kwa watu wazima kwa idhini yao na bila ya kudhurika, kwa watoto kwa idhini ya mawalii wao, kwa maslahi ya kisheria na bila ya kudhurika, na kwenye zalio na kitovu kwa idhini ya wazazi.

Kwa hivyo zalio tunalozoea kulizika, damu iliyomo kwenye kitovu chake inajuzu kuhifadhiwa kwa matibabu, na kinachobaki kikazikwa.

Mtoto mdogo kumtolea ndugu yake

Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwani mara nyingi anayelingana ni mdogo ambaye hajabaleghe. Tunasema: inajuzu kwa masharti. Pasiwepo mtu mzima anayelingana ambaye angetosha. Daktari awe amethibitisha kwamba madhara kwa mtoto ni madogo na ya kupita, kama maumivu ya nyonga ya siku chache. Walii aridhie, na mtoto mwenye kufahamu aelezwe kwa lugha yake.

Tunawanasihi wazazi jambo moja. Mzazi mwenye mtoto anayeteseka anaweza kumsahau yule mzima. Mtoto mtoaji ni amana vile vile. Asitishwe kwamba ndugu yake akifa ni kosa lake, na matibabu yasipofaulu asilaumiwe. Ni vyema daktari anayemwangalia yeye asiwe yule yule anayemtibu mgonjwa. Na akishabaleghe, hakuna anayemlazimisha. Kutoa ni hisani.

Je, uloto unaleta umaharimu?

Hapana. Umaharimu unapatikana kwa nasaba, kwa ndoa na kwa kunyonya. Kunyonya nako kuna masharti yake: katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni manyonyesho matano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1409H (1989), liliamua kwamba kuongezewa damu hakuleti uharamu wa ndoa, na uloto ni hivyo hivyo. Aliyepokea uloto wa mwanamke baki anabaki kuwa mtu baki kwake, na sheria za hijabu na faragha zinabaki. Mke akimtolea mumewe, ndoa yao haidhuriki.

Inajuzu pia kupokea kutoka kwa asiyekuwa Muislamu. Uloto haubebi dini wala tabia. Ama kuuza uloto haijuzu, kwani mwanadamu si bidhaa. Kumlipia mtoaji nauli na gharama za matibabu yake si kuuza.

Nasaba na vipimo vya DNA

Baada ya uloto kushika, damu ya mpokeaji hubeba DNA ya mtoaji. Kundi lake la damu nalo linaweza kubadilika, kidogo kidogo, kadiri chembe nyekundu za zamani zinavyokufa. Baba wa kundi O anaweza kuwa A. Mtu asiyejua habari hii akimpima baba huyo kwa damu, anaweza kusema kwamba watoto si wake. Hiyo ni dhulma kubwa, na kumsingizia mwanamke uchafu ni katika madhambi makubwa.

Nasaba haibadiliki hata kidogo. Seli za uzazi, za mwanamume na za mwanamke, hubaki za mwenyewe. Uloto unabadilisha damu tu. Mtoto atakayezaliwa baada ya matibabu ni wa wazazi wake, si wa mtoaji. Basi familia zihifadhi karatasi za hospitali zinazothibitisha upandikizaji, na likifika jambo mbele ya Kadhi au mahakama, lielezwe mapema. Mate nayo huwa na chembe nyeupe za mtoaji, kwa hivyo hayategemewi. Mizizi ya nywele inaaminika zaidi.

Hapa pia tunawakumbusha wanaume wanaomlaumu mke kwa kuzaa mtoto wa seli mundu. Maradhi haya hayaji ila kinasaba kitoke kwa baba na kwa mama. Wote wawili wakiwa wamebeba, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuumwa. Kupima kabla ya ndoa ni jambo jema, na halipingani na kutawakali.

Ibada za mgonjwa na adabu za kumtembelea

Mgonjwa akishindwa kutumia maji kwa nasaha ya daktari, atatayamamu. Mwenye mpira wa dawa kifuani, akihitaji kuoga janaba, ataosha panapowezekana na atatayamamu kwa sehemu isiyofikiwa na maji. Kujumuisha swala mbili kwa maradhi ni mas-ala yenye khilafu. Imam Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu, na mwenye uzito anaweza kuifuata. Ijumaa na jamaa zinamwondokea kwa udhuru. Ramadhani hafungi, na atalipa akipona. Aliyekatiwa tamaa ya kuweza kufunga atatoa fidia. Mtoaji anayepata uzito siku ya kutolewa naye ana ruhusa ya kula na kulipa. Mume au mke anayetarajiwa kupewa dawa kali aulize mapema kuhusu uzazi, kabla ya matibabu kuanza.

Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu, na watu wetu wa visiwani wanajulikana kwa hilo. Lakini mgonjwa ambaye nyutrofili zake bado hazijarudi, mafua ya mgeni mmoja yanaweza kumuua. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikataza kuingia kwenye mji wenye tauni na kutoka ndani yake, na hiyo ni asili ya kujitenga kwa ajili ya kulinda maisha. Basi msijazane wodini au nyumbani. Msimpelekee asumini wala maua mabichi, wala kachumbari na matunda yasiyomenywa. Msifukize udi chumbani mwake. Mpigieni simu, mumwombee dua, muwasaidie wazazi wake nauli na chakula, na mumchangie damu, kwani atahitaji kuongezewa mara nyingi kabla ya uloto mpya kuanza kazi. Masikini katika wagonjwa hawa anastahiki kupewa zaka kwa umasikini wake, naye akaitumia kwa matibabu.

Ruqya na Qur'an zisomwe, na zisiwe sababu ya kuacha dawa. Aliyeacha dawa za kutuliza kinga kwa kuambiwa na mtu kwamba ameshapona anaweza kuupoteza uloto wenyewe.

Kwa ufupi

Kupandikizwa uloto kunajuzu, kwa masharti ya ridhaa, kutokudhurika mtoaji na kutokuuza. Hakuleti umaharimu, hakubadilishi nasaba. Mtoto mdogo anaweza kumtolea ndugu yake kwa masharti tuliyoyataja. Kila familia ikae na daktari wake na kuuliza kwa uwazi, kwani hali za wagonjwa zinatofautiana, na yenye kuhusu dini yaulizwe kwa wenye elimu.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Ta'ala) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na awalipe kheri waliotoa.

Wallahu A'lam.